Safari ya Akina Mama katika Milima na Misitu ya Kibondo na Kasulu

(Mazungumzo yaliyotolewa na Kamati ya Safari mbele ya wanachama na wageni waalikwa, siku ya kutimiza miaka kumi ya kikundi)

 

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha siku hii. Miaka kumi si mchezo. Vikundi vingi tulivyoanza navyo vilikufa mwaka wa pili, sanduku likabaki la kuwekea nguo za watoto. La kwetu bado lina kufuli tatu na funguo tatu, na wenye funguo wote wako hapa wamekaa. (Makofi)

Mambo ya hisa, mikopo na mfuko wa jamii Mweka Hazina ameshayaeleza, hatutayarudia. Sisi tumeagizwa tueleze ile safari ya siku nne, ambayo watu wameizungumza sokoni na kwenye visima kuliko sisi wenyewe tulivyoizungumza. Na tunajua kwa nini tumeagizwa. Baada ya chakula kuna ajenda namba 6: Je, Mfuko wa Safari ubaki katika katiba yetu, au ufutwe na fedha zake ziingie kwenye mikopo? Wako wenzetu wanaosema ni starehe. Wako wanaosema wake za watu kulala porini ni aibu. Kwa hiyo tutasema yote, fedha, njia na hatari, halafu mkutano ndio utakaoamua.

FEDHA ZILIVYOPATIKANA

Tulikuwa akina mama 13. Kila mmoja aliweka sh. 2,000 kwa wiki, kwa wiki 50, nje ya hisa zake. Jumla ikawa sh. 1,300,000. Matumizi yalikuwa hivi: kukodi gari dogo la abiria siku nne pamoja na dereva wake, sh. 600,000, mafuta, sh. 380,000, chakula cha kuongezea kile tulichobeba nyumbani, sh. 120,000, vibali na michango ya vijiji tulikolala, sh. 90,000. Zikabaki sh. 110,000, nazo zilirudi kwenye mfuko. Risiti zote zipo kwenye faili. Mfuko wa mikopo haukuguswa hata shilingi moja, wala mfuko wa jamii. Tunalisema hili mapema ili anayepinga safari apinge safari, asipinge hesabu.

Tulipanga kwenda mwezi wa Julai. Huku kwetu mvua huanza Oktoba au Novemba na kuisha Aprili au Mei, na barabara za msituni wakati wa masika mnazijua: gari dogo linakaa kwenye tope kama jiwe. Julai njia ni kavu, maji ya mito yamepungua, na mavuno ya maharage yameshaingia ndani. Ubaya wake ni vumbi jekundu, moshi wa nyika zinazochomwa, na baridi ya usiku. Aliyedhani Kigoma yote ni joto la ziwani hajalala mlimani mwezi wa saba.

SIKU YA KWANZA: KIBONDO HADI MALAGARASI

Tuliondoka Kibondo saa moja asubuhi. Juu ya gari tulifunga turubai, mikeka, sufuria mbili kubwa, madumu ya maji, magunia ya unga wa muhogo na maharage. Mawese na dagaa havikukosekana. Ndani tulikuwa 13 na dereva.

Barabara kuu ya siku hizi si ile ya zamani. Kazi ya kuweka lami kutoka Kabingo kupita Kibondo na Kasulu hadi Manyovu, kilomita 260 na zaidi, kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, imebadili kabisa habari ya safari. Lakini sisi hatukwenda kuangalia lami. Kila palipokuwa na njia ya zamani iliyokata msituni au kushuka bondeni, na wenyeji wakatuambia gari linapita, tulitoka kwenye barabara kuu tukaifuata.

Hapo dereva wetu alitufundisha jambo. Mteremko wa kuingia korongoni haushukwi kwa kukanyaga breki mfululizo, hushukwa kwa gia ndogo, gari lijizuie lenyewe. Pamoja na hayo, mteremko mmoja ulikuwa mrefu mno, tukaanza kusikia harufu ya breki kuungua. Dereva alisimamisha gari, sote tukashuka, tukatia mawe nyuma na mbele ya matairi, tukakaa saa nzima tukingoja zipoe. Aliyekuwa na karanga alizigawa. Tuliobaki tulitelemka kwa miguu hadi chini, gari likatufuata tupu. Basi utaratibu huo tukaushika siku zote nne: mteremko mkali, abiria chini.

Jioni tulifika karibu na Mto Malagarasi. Tulikuwa na barua ya Mtendaji wa Kata kutoka kwetu, tukaripoti kwa serikali ya kijiji, tukaonyeshwa uwanja wa kulala na kupewa mgambo wawili. Mzee mmoja wa pale alituangalia akatuuliza, "Waume zenu wako wapi?" Mmoja wetu akamjibu, "Wako nyumbani, baba, wanalisha kuku." Mzee alicheka, akaenda akaturudishia mkungu wa ndizi.

Wazee wetu walilala ndani ya gari kwenye viti. Waliobaki tulifunga turubai ubavuni mwa gari, tukatandika mikeka, tukashusha vyandarua. Kabla ya kulala, mwenzetu mwalimu mstaafu alitueleza habari za mto. Sisi tuliozaliwa kando yake wengi hatukuijua. Malagarasi huanzia huku milimani kwetu, mpakani na Burundi. Badala ya kushuka moja kwa moja magharibi ziwani, huzunguka: huenda kaskazini-mashariki ukiandama mpaka, hugeuka kuingia nchini, huteremka kwenye mabwawa makubwa ya Muyovozi, ndipo hugeuka magharibi, kupita Uvinza, na kumwaga Ziwa Tanganyika baada ya karibu kilomita 475. Mabwawa hayo ya Malagarasi na Muyovozi, kilomita za mraba 32,500, mwaka 2000 yalikuwa ya kwanza Tanzania kuandikwa katika Mkataba wa Ramsar, ule wa kulinda ardhi oevu duniani. Maji tunayochota hapa kwa ndoo ndiyo yanayokwenda kulisha samaki na ndege wa kule.

SIKU YA PILI: MISITU YA MAKERE

Siku ya pili tulivuka kuelekea Makere na Kasulu, na hapa tunaomba mtusikilize vizuri, maana ndipo lilipo jambo lenyewe.

Misitu ile ni ya miombo: mitundu, mininga na mingine ambayo bibi zetu waliijua kwa majina ya Kiha, kila mmoja na dawa yake. Mabondeni, kando ya vijito, msitu hubadilika, ukawa mzito na wa kijani hata kiangazi. Tulitembea kwa miguu zaidi ya saa mbili kwenye bonde moja la namna hiyo, ukuta wa mawe huku na huku, maji yakipita katikati. Hakuna kati yetu aliyewahi kufika mahali kama pale bila mzigo kichwani.

Tufikirie, akina mama. Sisi msitu tumeujua kwa namna gani? Miaka ya 1930 serikali ya Mwingereza iliwahamisha watu wa Buha kutoka maporini na kuwakusanya pamoja kwa sababu ya ugonjwa wa malale unaoletwa na ndorobo. Babu zetu walipita njia hizi kwenda manamba kwenye katani za Tanga, na wengine hawakurudi. Mwaka 1972, wakati wa Operesheni Kigoma, familia zilishushwa kutoka milimani zikapelekwa vijiji vipya. Mwaka huo huo wa 1972, na tena kuanzia Oktoba 1993 baada ya kuuawa Rais Melchior Ndadaye, ndugu zetu wa Burundi walivuka mpaka wakikimbia. Mwaka 1996 walifuata wa Kongo, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa jirani na Makere. Kisha ikaja miaka ya ujambazi, ambapo mabasi ya njia hii yalisindikizwa na askari wenye bunduki, na mama aliyekwenda kutafuta kuni hakuwa na askari wa kumsindikiza. Kwa hiyo msituni tumeingia kwa kuhamishwa, kwa kukimbia, kwa kuni au kwa kubeba mgonjwa. Hofu tunazowafundisha mabinti zetu hatukuzitunga. Zilitupata.

Tulikuwa tumeinjika chai kando ya njia walipopita wanawake wanne na mizigo ya kuni. Kama walitoka kambini au kijijini hatukuwauliza. Walikuwa wakizungumza Kirundi, sisi Kiha, na lugha hizi ni ndugu, hakikuhitajika mkalimani. Yule mkubwa wao aliangalia gari, akaangalia sufuria, mikeka na madumu yetu, uso wake ukabadilika. Akauliza kwa sauti ya chini, "Mnakimbia nini?"

Tukamwambia hatukimbii, mama. Tunatembea tu. Tumekuja kuangalia nchi.

Hakuamini. Aliuliza mara ya pili. Alipoelewa alishusha mzigo wake, akakaa chini, akacheka hadi machozi yakamtoka, na wenzake wakacheka, na sisi pia. Walikunywa chai pamoja nasi. Wakati wa kuondoka alisema kwamba tangu azaliwe hajaona wanawake wenye mikeka juu ya gari ambao hawana shida.

Jamani, safari yetu yote mkiisahau, neno la mama yule msilisahau.

Mchana huo huo, kwenye kijito kimoja, mwenzetu mwenye umri wa miaka sitini na kitu aliomba gari lisimame. Alikuwa amekaa kimya tangu asubuhi. Akatuambia hapa alipita mwaka 1972 akiwa mtoto, amebeba kuku wawili, wakati familia yake ilipohamishwa, na hapa ndipo mama yake aliwapumzisha. Alilitambua jiwe moja pana katikati ya maji. Alivua viatu, akaingia, akakaa juu ya jiwe lile. Hatukumharakisha. Aliporudi garini alisema, "Haya, twendeni," na kuanzia hapo ndiye aliyeanzisha nyimbo hadi Kasulu.

Usiku wa pili tulilala kijijini pembeni mwa msitu, na hapo tuliona jambo la faida. Akina mama wa pale wana mizinga ya mbao. Nyuki huku kwetu siku zote ni kazi ya wanaume, kwa sababu mzinga wa gogo au wa gome hutundikwa juu ya mti, na mwanamke kupanda mti ni maneno. Mzinga wa gome una hasara nyingine: mti huchunwa ngozi ili kuutengeneza, na mti uliochunwa kuzunguka shina hufa. Mzinga wa mbao hukaa chini, kimo cha kiuno, mama anaufungua na kuurina mwenyewe akiwa amevaa vazi lake na bomba la moshi mkononi. Msitu ukikatwa, hakuna maua, hakuna asali. Wenyewe walituambia kwamba tangu waweke mizinga, mtu akionekana na shoka upande ule wanafika kabla ya Afisa Misitu. Ripoti ya mizinga tumeiweka kwenye ajenda namba 7, na bei ya fundi seremala imeambatishwa.

SIKU YA TATU NA YA NNE: HERU JUU, MANYOVU NA KURUDI

Kutoka Kasulu tulipanda Heru Juu. Hapa ni nyumbani kwa utawala wa Heru, na kila binti wa Kiha apaswa kujua kwamba Heru ilitawaliwa na mwanamke, Mwami Theresa Ntare. Machifu walipoondolewa mwaka 1963, yeye alikuwa ameshaingia katika orodha ya wanawake wa kwanza kukaa kwenye chombo cha kutunga sheria cha nchi hii. Tuliwaambia wenzetu waliokuwa na wasiwasi wa "watu watasemaje": kama milima hii iliweza kumsikiliza mwanamke akitoa hukumu, itatuvumilia sisi tukipika ugali.

Kutoka hapo tulipita Buhigwe hadi Manyovu, mpakani. Nchi yenyewe ni migongo ya milima na mabonde marefu yaliyochimbwa na maji, kila mteremko una migomba, kahawa na maharage. Njia za pembeni ni nyembamba, upande mmoja mlima, upande wa pili ukiangalia chini unaona paa za nyumba. Ng'ambo ni Burundi. Mwalimu wetu alitusimamisha kwenye mgongo mmoja akasema: maji ya upande wa magharibi wa milima hii hushuka kwa Mto Luiche, yakafika ziwani upesi. Maji ya upande wa pili hufuata Malagarasi, yakazunguka nchi nzima, ndipo yafike ziwa lile lile. Mwenzetu mmoja akadakia, "Kama mikopo yetu!" (Kicheko)

Alitukumbusha pia habari za Stanley, yule mwandishi aliyekuja kumtafuta Livingstone. Mwishoni mwa mwaka 1871 alipopita Buha kwenda Ujiji, watawala wa hapa walimtoza hongo ya vitambaa, akalipa, akatozwa tena. Mwisho alitoroka usiku na msafara wake kupitia porini ili asiendelee kulipa. Vitabu humsifu kwa ujanja. Kwa Kiha tungesema mgeni ameondoka bila kuaga. Sisi kila kijiji tulibisha hodi, tukasalimiana kwa kupiga makofi na kupiga goti kama desturi inavyotaka, na asubuhi tuliaga. Hakuna mahali tulipofukuzwa.

Usiku wa tatu tulilala Manyovu, kwa baridi ambayo ilitulazimisha kuvaa vitenge vyote tulivyobeba. Siku ya nne tulirudi kwa barabara kuu, tukafika Kibondo kabla ya magharibi, wote 13 na dereva, wazima. Pancha ilikuwa moja tu.

MAMBO YA KUZINGATIA KWA WATAKAOFUATA

Kamati imeandika haya kwa faida ya vikundi vingine:

(a) Barua ya utambulisho iwepo, na kila kijiji mripoti kabla jua halijazama. Ndani ya hifadhi ya msitu msilale bila kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu (TFS).

(b) Gari likaguliwe breki, matairi, rejeta na tairi la akiba. Jeki ijaribiwe nyumbani, si njiani. Usiku gari lisitembee.

(c) Maji yasichotwe mtoni jioni wala alfajiri peke yako. Malagarasi ina mamba na viboko.

(d) Ndorobo hupenda nguo nyeusi na za bluu. Vaeni rangi za kufifia, zenye mikono mirefu. Atakayepata homa isiyoisha baada ya safari aende hospitali aseme alikuwa porini.

(e) Moto uwashwe mahali palipofyekwa na kufagiwa pande zote, na uzimwe kwa maji. Kiangazi cheche moja huteketeza kilima.

(f) Viatu vikung'utwe kabla ya kuvaliwa, kwa ajili ya nge. Kabla ya kutandika, angalieni njia ya siafu.

(g) Takataka zenu zirudi na gari.

TUNALOOMBA

Ndugu Mwenyekiti, tunamalizia. Anayesema fedha hizi zingezaa kwenye mikopo anasema kweli. Sh. 1,300,000 ingezunguka, ingeleta riba. Hatubishani na hesabu. Lakini kikundi hiki tulikianzisha ili tuwe na uwezo wa kuamua, na miaka kumi tumeamua juu ya karo, mabati, mbegu na matibabu. Yote hayo ni ya watu wengine ndani ya nyumba zetu, na tunayafanya kwa moyo. Siku nne katika miaka kumi tuliamua jambo letu wenyewe.

Kwa wale akina baba waliotuuliza nani alipika nyumbani: tumesikia kwamba mlipika, na watoto hawakukonda. Tunawapongeza. (Makofi)

Pendekezo la kamati ni hili. Mfuko wa Safari ubaki, uwe wa hiari, uwe nje ya hisa, na kila safari iwe na mabinti wawili wa wanachama wasiolipa chochote. Tunataka watoto wetu waijue njia ya Makere kabla hawajafundishwa kuiogopa. Safari inayofuata tunapendekeza iende Uvinza kwenye chumvi na kuuona Malagarasi ukielekea ziwani, mahali ambapo mto wetu unamaliza mzunguko wake. Ajenda namba 6 iko mikononi mwenu. Anayepinga apinge kwa uwazi. Tutabaki wanachama wenziye, na sanduku lina funguo tatu kama kawaida.

Kidumu kikundi chetu!